Filta ya hewa ya lori: lini uibadilishe, na namna ya kuibadilisha bila kuingiza vumbi kwenye injini

Kila lita moja ya dizeli inayoungua kwenye injini inataka zaidi ya lita 10,000 za hewa. Semi iliyojaa ikitoka Dar es Salaam hadi Tunduma inaweza kumaliza lita 400 za mafuta, na kwa mafuta hayo itakuwa imevuta hewa ya kujaza makontena 60 ya futi 40. Hewa yote hiyo hupita sehemu moja tu: karatasi ya mikunjo iliyofungiwa ndani ya nyumba ya filta, nyuma ya kebini. Karatasi hiyo ikifanya kazi yake, injini inafika mbali. Isipofanya, hakuna oili ya bei kubwa wala fundi hodari atakayeiokoa injini hiyo.

Wengi wanaogopa filta iliyoziba. Mimi naogopa zaidi filta inayovuja. Iliyoziba inapiga kelele: gari linakosa nguvu mlimani, linatoa moshi mweusi, dereva analalamika, mtu anafungua na kubadilisha. Inayovuja haisemi kitu. Gari linavuta vizuri kabisa huku vumbi likiingia kidogo kidogo, hadi siku oili inapoanza kupungua bila sababu inayoonekana. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu sili (ukingo laini wa filta unaobana hewa isipite pembeni), klipu na usafi wa mikono, kuliko karatasi yenyewe.

Nimeandika nikifikiria malori makubwa ya dizeli yenye tabo (feni inayosukuma hewa kwenye injini), kama Scania, Actros, Volvo, Howo na FAW, lakini mengi yanafaa pia kwa Fuso na Isuzu za mizigo ya mjini.

Vumbi linavyokula injini

Vumbi la barabara zetu lina mchanga mwingi ndani yake, na mchanga ni mgumu kiasi cha kukwaruza chuma. Punje kubwa unazoziona kwa macho si hatari sana, kwa sababu nyingi huanguka chini ya nyumba ya filta kabla hazijagusa karatasi. Zinazoua ni zile ndogo, hasa za maikroni 5 hadi 20. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi, kwa hiyo hizi huwezi kuziona moja moja. Kati ya ringi ya pistoni na ukuta wa slivu, yaani silinda ambamo pistoni hutembea, kuna utando mwembamba wa oili. Chembe iliyo nene kuliko utando huo ikiingia pale inakwaruza pande zote mbili, ringi na slivu, na pistoni ya lori linalotembea kwa mizunguko 1,500 inapanda na kushuka mara 1,500 kila dakika.

Kabla ya kufika huko, chembe hizo hupitia kwenye tabo. Feni ya tabo inazunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, na kingo zake nyembamba zinaliwa. Ukifungua bomba la kuingilia tabo ukakuta kingo za feni zimepoteza ncha zake, ujue vumbi limekuwa likipita muda mrefu.

Baada ya hapo mambo yanafuatana. Ringi zikiisha, moshi wa kwenye silinda unashuka chini kwenye oili, na ukifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma utaona inapumua kwa nguvu pale. Oili inakuwa nyeusi mapema na inapungua. Asubuhi za baridi za Makambako au Mbeya gari linawaka kwa shida. Ukifika hapo, filta mpya haitarudisha kilichokwisha. Unazungumzia oveholi: slivu, pistoni, ringi, beringi, gasketi, kazi ya fundi, na siku zote ambazo gari limelala huku mkopo wa benki ukiendelea. Ulizia bei za vitu hivyo kwa gari lako, kisha weka bei ya filta pembeni yake.

Kuna hesabu moja ambayo kila mwenye gari anapaswa kuijua. Filta nzuri ya lori inakamata asilimia 99.9 ya vumbi linaloifikia. Katika kila kilo moja ya vumbi, gramu moja inapita. Filta mbovu, au iliyofungwa vibaya, ikikamata asilimia 99, bado inaonekana nzuri masikioni mwa mtu. Lakini hapo zinapita gramu 10, yaani vumbi mara kumi zaidi linaloingia kwenye injini ileile.

Filta iliyoziba nayo ina madhara yake. Hewa ikipungua, mafuta hayaungui yote: moshi mweusi, joto la eksozi linapanda, na mafuta yanaliwa zaidi kwa mzigo uleule. Tabo inavuta kwa nguvu dhidi ya kizuizi, na mvuto ukizidi unaweza kunyonya oili kupitia sili zake na kuipeleka kwenye intakula, yaani kipoza hewa kilicho baada ya tabo. Dereva analihisi hili Kitonga au Sekenke kabla ya kulihisi sehemu nyingine yoyote, kwa sababu mlima mrefu ukiwa na mzigo ndipo injini inapohitaji hewa yote inayoweza kupata.

Usiihukumu filta kwa rangi

Filta iliyobadilika rangi haina maana kwamba imekwisha. Karatasi mpya ina vitundu ambavyo mwanzoni huruhusu chembe ndogo kidogo zipite. Vumbi la kwanza likishajipanga juu ya karatasi, linatengeneza tabaka ambalo lenyewe linasaidia kuchuja. Kwa hiyo filta iliyofanya kazi kwa kiasi huchuja vizuri kuliko ilivyokuwa siku ya kwanza, hadi pale kizuizi kinapozidi.

Ndiyo sababu siungi mkono tabia ya kufungua nyumba ya filta kila wiki "kuangalia". Kila unapofungua, vumbi lililokaa kwenye kingo linapata nafasi ya kuangukia upande safi, na sili iliyokuwa imekaa sawasawa inasumbuliwa. Fungua pale tu unapokuwa na sababu ya kufungua.

Sababu hiyo unaipata kwenye geji ya filta. Malori mengi yanayo: kikopo kidogo cha plastiki angavu kwenye nyumba ya filta au kwenye bomba linalotoka humo, chenye alama inayosogea kuelekea eneo jekundu kadiri mvuto unavyoongezeka. Magari mapya zaidi yana sensa inayowasha taa kwenye dashibodi. Kwa injini nyingi za dizeli zenye tabo, kikomo ni mvuto wa inchi 25 za maji, yaani mvuto unaoweza kunyanyua maji kwenye kibomba kwa urefu huo, sawa na milimita 635, lakini kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho.

Geji ya kikopo hukwama pale ilipofika juu zaidi, na haishuki mpaka ubonyeze kitufe chake. Hii ni faida: isome baada ya gari kupanda mlima na mzigo. Kukanyaga mafuta gari likiwa limesimama hakutoshi kwa injini yenye tabo, kwa kuwa bila mzigo tabo haivuti hewa nyingi. Kama geji haijasogea kwa miezi mingi ya vumbi, usifurahi upesi. Inawezekana imekufa, au kibomba chake kimeziba, au kuna mahali hewa inapita bila kuchujwa. Ichomoe, pangusa mdomo wake, uinyonye polepole kwa mdomo kupitia kipande cha mpira safi. Alama isiposogea, nunua nyingine. Ni kitu cha bei ndogo sana, na inasikitisha kuona lori la mamilioni likitembea bila geji inayofanya kazi.

Kwa hiyo kanuni ninayoifuata ni hii: badilisha geji inapofika nyekundu, au kilomita au muda wa kwenye kitabu unapofika, lolote litakalotangulia. Vitabu vingi vina ratiba mbili, moja ya lami na nyingine ya mazingira magumu. Mwenye gari anayebeba mahindi kutoka vijijini Rukwa na Katavi wakati wa kiangazi, makaa ya mawe kutoka Ngaka hadi bandari ya Mtwara, kokoto kutoka machimboni, au saruji ya wingi, asome ratiba ya pili. Gari moja linaweza kuhitaji filta mara kadhaa kati ya Juni na Oktoba, halafu likakaa masika yote na filta moja. Masizi nayo huziba karatasi haraka kuliko vumbi la barabarani, hata yakiwa machache kwa uzito, jambo ambalo madereva wa kubeba miwa iliyochomwa wanalijua.

Kununua

Nenda dukani na namba ya filta, au na filta ya zamani yenyewe. Linganisha urefu, upana wa nje, na upana wa tundu la ndani. Tofauti ya milimita chache kwenye tundu inatosha kufanya sili isibane, na filta bado "ikaingia". Neno hilo la kuingia limeua injini nyingi.

Filta feki zipo, na nyingine zina maboksi mazuri kuliko ya zile halisi. Usiangalie boksi. Mikunjo ya karatasi iwe na nafasi sawa na imeshikwa isicheze. Ukikuta sehemu imebanana na nyingine imeachana, rudisha. Gundi ya kwenye vifuniko vya mwisho iwe imezunguka pote bila pengo. Bonyeza sili kwa kidole gumba: inatakiwa iwe laini na irudi yenyewe, isiwe ngumu kama plastiki. Kisha ingiza tochi ndani ya filta, mahali penye giza, uizungushe polepole. Mwanga hafifu unaopenya karatasi yote kwa usawa ni kawaida, ila nukta kali ya mwanga ni tundu. Filta yenye bonde kwenye kifuniko au wavu uliopinda usiikubali hata kwa punguzo.

Malori mengi makubwa yana filta mbili, kubwa ya nje na ndogo ya ndani. Ile ndogo ni ya usalama: inalinda injini pale filta kubwa inapotoboka, na inalinda wakati unabadilisha. Haisafishwi kamwe. Kawaida hubadilishwa kila baada ya kubadilisha kubwa mara mbili au tatu, kwa kufuata kitabu. Kuna watu wanaoitoa na kuitupa kabisa ili "gari livute". Naomba usifanye hivyo, na kama umenunua gari lililotumika, fungua uhakikishe ndogo ipo.

Kazi yenyewe

Chagua mahali pasipo na upepo na penye sakafu ngumu. Uwanja wa vumbi mchana wa jua, malori mengine yakiingia na kutoka, si mahali pa kufungulia filta. Afadhali usubiri jioni au usogee nyuma ya jengo. Zima injini, chomoa ufunguo, vuta handibreki, weka vizuizi kwenye matairi. Kama lazima unyanyue kebini, hakikisha imefunga kwenye loki yake kabla ya kuingiza kichwa chini. Andaa filta mpya ikiwa bado kwenye boksi, vitambaa safi visivyoacha nyuzi, maji kidogo, tochi, kalamu ya wino mzito, na barakoa. Barakoa si mapambo. Vumbi lilelile linalokwangua slivu linaharibu mapafu.

Anza kwa nje. Pangusa kifuniko, klipu na maungio yote kwa kitambaa chenye unyevu. Ukitaka kuosha kwa maji ya presha, osha mapema uache pakauke, na usielekeze maji kwenye mdomo wa bomba la kuvutia hewa.

Fungua klipu moja moja na utoe kifuniko. Kabla hujakiweka chini, tazama kilikuwa kimekaaje. Vingi vina alama ya upande wa juu. Angalia mpira wa kutemea vumbi ulio chini ya nyumba au kwenye kifuniko. Huu ni mpira wenye mdomo uliobana ambao hutema vumbi kila injini inapopunguza mvuto. Ukiupasua au ukiupoteza, nyumba inavuta vumbi kutoka chini, mahali ambapo matairi yanalirusha, na filta itajaa kwa muda mfupi wa kushangaza. Ubonyeze kwa vidole: uwe laini, usiwe umepasuka, usiwe umeziba kwa tope. Nimeona mpira huu umezibwa kwa tambara kwa makusudi, mtu akidhani anazuia vumbi. Ukiuziba, vumbi halina pa kutokea.

Sasa toa filta kubwa. Nyingi za kisasa zinabana kwenye bomba la ndani kwa sili yao laini, na huwa zinang'ang'ania. Shika mwisho wake, inamisha kidogo kidogo kulia na kushoto huku ukiizungusha, hadi sili iachie, kisha vuta moja kwa moja bila kugonga ukuta wa nyumba. Kwenye aina ya zamani kuna nati ya masikio inayobana filta. Ukiitoa, chunguza pia washa yake ya mpira, maana vumbi hupenda kupita pale. Usiipige filta, usiitikise. Iweke chini taratibu mbali na nyumba iliyo wazi.

Filta ndogo iache ilipo. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu kazi nzuri: wanatoa zote mbili kwa pamoja, halafu wanaanza kusafisha nyumba huku bomba la kuelekea tabo liko wazi. Chochote kitakachoanguka pale kinaenda kwenye injini mara tu utakapowasha. Ndogo ikiwa mahali pake, pangusa ndani ya nyumba yote kwa kitambaa chenye unyevu, ukianzia juu kuelekea chini. Usipulize kwa kompresa. Malizia na uso ambao sili inakalia, mpaka kidole chako kikipita pale kisitoke na vumbi.

Kama ni zamu ya kubadilisha ndogo, itoe sasa, baada ya nyumba kuwa safi. Pangusa mdomo wa bomba kwa kitambaa kingine kipya, ukivutia nje na si kusukumia ndani, na uweke ndogo mpya hapohapo. Bomba hilo lisikae wazi hata kwa muda wa kupokea simu.

Kabla ya kutupa filta ya zamani, isome. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Geuza uone sili yake. Alama ya kubana inatakiwa iwe safi na imezunguka pote. Ukiona mstari wa vumbi umekatiza sili, kama njia nyembamba kutoka upande mchafu kwenda upande safi, hapo palikuwa panavuja, na lazima ujue kwa nini kabla ya kufunga mpya: nyumba imepinda, uso una mkwaruzo, filta si ya saizi, au haikusukumwa hadi mwisho. Ingiza kidole ndani ya filta kubwa, upande wa hewa safi. Vumbi likitoka, karatasi imetoboka, na ndogo ibadilishwe leo hata kama zamu yake haijafika. Filta nyeusi yenye masizi inakuelekeza kwenye eksozi inayovuja karibu na bomba la kuvutia hewa. Karatasi iliyovimba au yenye madoa ya maji inakuambia mvua inaingia. Iliyoloa oili inakutaka ukague mpira wa kupumulia injini na kompresa ya breki.

Kuweka mpya ni kazi ya mikono mitupu. Isukume kwa kushika ukingo wake wa nje, pande zote kwa usawa, mpaka uisikie imekaa. Usisukume katikati, usigonge kwa nyundo wala kwa ubao, na usitumie kifuniko kuisukumia ndani. Kifuniko kikigoma kukaa, maana yake filta haijafika mwisho au si yake. Toa, angalia, rudia. Funga kifuniko mpira wa kutemea vumbi ukielekea chini, kisha klipu zote. Klipu moja ikiwa imevunjika, itengenezwe kabla gari halijaondoka. Waya wa kufungia si klipu.

Bonyeza kitufe cha geji irudi mwanzo. Andika tarehe na kilomita kwa kalamu juu ya kifuniko, na kwenye daftari la gari. Andika pia kama ndogo imebadilishwa, la sivyo baada ya mwaka hakuna atakayekumbuka.

Bomba kati ya filta na tabo

Usishushe kebini bado. Kutoka kwenye nyumba ya filta hadi kwenye tabo kuna mabomba na mipira, na sehemu yote hiyo iko kwenye mvuto. Ufa ukitokea pale hautoi sauti wala hautoi moshi. Unanyonya tu. Tofauti na upande wa baada ya tabo, ambako hewa imebanwa: huko mpira ukipasuka utasikia mlio, gari litakosa nguvu, na utauona mara moja. Kwa hiyo upande wa kabla ya tabo unahitaji macho na vidole vyako kila mara.

Pitisha mkono kwenye kila mpira, hasa upande wa chini usioonekana na pale unapogusa chasi. Ukunje kidogo uone kama kuna nyufa. Kaza klipu, lakini usikaze hadi mpira ukatike. Fuata pia kibomba kinachokwenda kwenye kompresa ya breki, kwa sababu kwenye malori mengi kompresa hiyo inavuta hewa yake kutoka upande safi wa filta, na ufa kwenye kibomba hicho ni mlango wa vumbi ambao mafundi wengi hawaukumbuki. Ukitaka uhakika, chomoa mpira wa mwisho unaoingia kwenye tabo na upanguse ndani yake kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi laini, kuna kitu kinavuja huko nyuma, hata kama filta ni mpya.

Kupuliza filta

Nitasema wazi msimamo wangu: filta ya karatasi ni ya kubadilisha, si ya kupuliza. Kompresa ya gereji ina presha ya baa 7 au 8. Watengenezaji wanaoruhusu kupuliza huweka kikomo cha baa 2 hivi, na wengine hawaruhusu kabisa. Ukipuliza kwa baa 8 karibu na karatasi unatoboa matundu usiyoyaona, halafu unafunga filta inayoonekana safi kuliko jana na inayopitisha vumbi kuliko jana. Kuipiga chini au kwenye tairi kunapinda kifuniko na kuharibu sili. Kuiosha kwa sabuni kunalegeza karatasi.

Najua pia hali ilivyo. Umekwama kijijini, geji ni nyekundu, duka la karibu liko mbali. Kama hakuna njia nyingine, puliza kwa presha iliyopunguzwa isizidi baa 2, kutoka ndani kwenda nje, mdomo wa kompresa ukiwa mbali kidogo na karatasi, ukifuata mikunjo juu na chini. Kagua kwa tochi kama ulivyofanya dukani, kagua na sili. Kisha iandike hiyo filta kuwa ya muda na uibadilishe ukifika mjini. Dawa halisi ya tatizo hili ni kubeba filta ya akiba kwenye kebini, ndani ya boksi lake, isiwekwe chini ya spana na jeki.

Dereva anaweza kuipunguzia filta mzigo wake mwenyewe. Kwenye barabara ya changarawe au njia ya mchepuko inayojengwa, gari linalofuata kwa karibu ndilo linalokula vumbi la lililotangulia. Subiri litulie, au kaa mbali. Masika, kagua kama tundu la kutolea maji chini ya bomba la kuvutia hewa liko wazi, na usivuke mto kwa kubahatisha: filta ikiloa inabana hewa, na maji yakifika kwenye silinda yanapinda koni rodi, chuma kinachoshika pistoni, papo hapo.

Kama bado una gari au trekta la zamani lenye filta ya bakuli la oili, taratibu ni nyingine. Mwaga oili chafu, toa tope lote chini ya bakuli, osha wavu kwa dizeli uache ukauke, kisha jaza oili safi hadi kwenye alama na isizidi. Oili ikizidi inavutwa kwenye injini, na injini ya dizeli inaweza kuichoma kama mafuta na kukimbia bila kuzimika.

Kama unashuku vumbi limeshaingia

Umenunua gari lililotumika, au umekuta ndogo haipo, au kitambaa cheupe kimetoka na vumbi. Usikimbilie kufungua injini. Kwanza ziba chanzo: filta zote mbili mpya, mipira na klipu. Kisha badilisha oili na filta yake, na baada ya gari kufanya kazi kwa muda, chukua sampuli ya oili upeleke maabara inayopima oili za injini. Muuzaji mkubwa wa oili anaweza kukuelekeza. Kwenye majibu tafuta silikoni kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo alama ya mchanga, halafu chuma, kromu na alumini, ambazo ni slivu, ringi na pistoni zinazoliwa. Silikoni peke yake ikiwa juu inaweza pia kutokana na gundi ya gasketi iliyotumika karibuni, kwa hiyo muulize fundi aliyepita alifungua nini. Ikipanda pamoja na chuma na kromu, vumbi bado linaingia, na unarudi nyuma kukagua upya kuanzia mdomo wa bomba la kuvutia hewa hadi kwenye tabo. Rudia sampuli kwenye badiliko linalofuata la oili. Namba zikishuka, endelea na kazi, huku ukiandika kila siku kiasi cha oili unachoongeza.